Mwanamke Mwenye Mabawa na Fundi wa Makanyagio

Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nimekaa chini juu ya gunia katika banda la kuonyeshea mpira pale Makanyagio, mjini Mpanda. Ghana walikuwa wanacheza na Uruguay kule Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, na Afrika nzima ilikuwa Ghana usiku ule. Banda lilikuwa la mabati, limejaa hadi watu wanapumuliana visogoni. Wakubwa walikuwa mbele kwenye mabenchi, sisi wadogo chini, na wale wasiokuwa na nauli ya mlangoni walikuwa nje wanachungulia kwenye matundu ya misumari.

Dakika za nyongeza zilipoanza, umeme ukakatika. Enzi zile mji wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, unategemea mashine za dizeli, na giza halikuwa habari mpya kwa mtu yeyote. Lakini giza la usiku ule, jamani! Watu walipiga kelele kama waliomwagiwa maji ya moto. Hapo ndipo baba mdogo, mdogo wake baba yangu wa tumbo moja, alipoinuka pembeni alikokuwa amekaa kimya, akaweka tochi mdomoni, akavuta betri 2 za lori alizokuwa ameziandaa tangu mchana, akaunganisha nyaya kwenye inveta, akawasha kwanza kingamuzi, akasubiri, halafu televisheni. Picha ikarudi. Ikarudi kwa wakati, maana haukupita muda Suárez akadaka mpira kwa mikono mstarini mwa goli kama kipa, akatolewa nje, na Asamoah Gyan akaweka mpira kwenye nukta ya penalti.

Mnajua kilichotokea. Mpira uligonga mwamba. Kisha Uruguay wakashinda kwa penalti 4 kwa 2, na wanaume wazima wenye ndevu wakatoka bandani wakilia. Hakuna aliyemwambia baba mdogo ahsante. Mzee mmoja alipompita alisema, "Fundi, si bora ungetuachia giza letu?"

Niliyakumbuka maneno hayo miaka mingi baadaye, nilipomaliza shule nikarudi nyumbani na kuanza kuandika riwaya yangu, ambayo haijaisha mpaka leo na msiniulize itaisha lini. Nilitaka shujaa wake awe fundi wa televisheni. Nikamwambia baba mdogo. Akacheka, akaendelea kuchomea risasi kwenye bodi ya redio, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Hivi, mwandishi, kuna tuzo ya fundi? Naona waigizaji wanapewa, waimbaji wanapewa, hata watangazaji. Aliyetengeneza lile sanduku lenyewe je?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii.

Jibu ni kwamba ipo, tena ya siku nyingi. Tarehe 25 Januari 1949, katika klabu moja ya michezo huko Hollywood, Marekani, watu wa televisheni walikutana kula chakula cha jioni na kupeana tuzo kwa mara ya kwanza. Tuzo zilikuwa 6 tu. Moja ilikwenda kwa Shirley Dinsdale, msichana wa miaka 22 aliyekuwa anaongea kwa sauti ya mwanasesere bila kuchezesha midomo. Nyingine ilikwenda kwa kituo cha KTLA. Na moja katika hizo 6, tazama sasa, ilikwenda kwa fundi: mtu anayeitwa Charles Mesak, wa kituo cha Don Lee, kwa chombo alichokibuni kilichoitwa Phasefader. Yaani tangu usiku wa kwanza kabisa, fundi alikuwa na kiti chake mezani.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni jina. Tuzo ile inaitwa Emmy, nami siku zote nilidhani ni jina la bibi fulani tajiri aliyetoa fedha. Kumbe ni jina la taa! Ndani ya kamera za zama hizo kulikuwa na mrija mkubwa wa kioo ulioitwa imeji othikoni, ambao kazi yake ilikuwa kupokea mwanga wa kitu kilicho mbele ya kamera na kuugeuza kuwa umeme. Mafundi wa studio waliuita kwa kifupi Immy, kama sisi tunavyoita Land Rover ndirova. Walipokuwa wanatafuta jina la sanamu, mhandisi Harry Lubcke alipendekeza waipe jina la huo mrija. Kwa kuwa sanamu yenyewe ilikuwa ya mwanamke, Immy ikalainishwa ikawa Emmy. Mchoro wa sanamu ulikuwa wa mhandisi pia, Louis McManus, ambaye alimchora mkewe: mwanamke mwenye mabawa, ameinua mikono, ameshika atomu. Mabawa ni sanaa, atomu ni sayansi. Waigizaji wote wanaolia machozi jukwaani huku wameikumbatia sanamu hiyo, wamekumbatia spea ya kamera.

Nilipomsimulia baba mdogo habari ya mwanamke mwenye mabawa aliyeshika kitu cha mviringo juu, aliwaza kidogo, akasema, "Basi huyo anarekebisha antena."

Baadaye tuzo za uhandisi zilitengewa sherehe zao, mbali na taa za kamera. Ukitaka kujua dunia inawathamini vipi mafundi, angalia hilo. Waigizaji hupewa usiku mkubwa unaoonyeshwa nchi nzima. Wahandisi hupewa siku yao nyingine, wakala, wakapigiana makofi wenyewe, wakarudi kwenye karakana. Sioni ubaya sana. Ila nikaona kitu kingine kilichonisumbua zaidi, nacho ni jinsi tuzo zinavyochelewa.

Chukua rimoti. Kila nyumba yenye televisheni hapa kwetu, kuanzia Kashaulili mpaka Nsemulwa, ina rimoti iliyofungwa mpira wa manati ili betri zisidondoke. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith alitengeneza kifaa kama bastola cha kumulika mwanga kwenye kona za televisheni ili kubadili stesheni bila waya. Kilikuwa na kasoro yake: jua likipiga dirishani, televisheni ilijibadilisha yenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaja na nyingine iliyotumia sauti kali isiyosikika na sikio la binadamu. Wawili hao walitambuliwa kwa Emmy ya rimoti mwaka 1997. Hesabu mwenyewe. Miaka 42! Bahati yao walikuwa bado hai.

Philo Farnsworth hakuwa na bahati hiyo, na kwa huyu naomba tukae kidogo, kwa sababu ni mtu ambaye mtoto yeyote wa mkulima wa mkoa wa Katavi angemwelewa bila kutafsiriwa.

Huyu alikuwa kijana wa shamba katika jimbo la Idaho. Akiwa na umri wa miaka 14 alikuwa analima shamba la viazi kwa plau, na alipogeuka nyuma kutazama kazi yake aliona matuta yamelala sambamba, mstari baada ya mstari. Hapo ndipo wazo lilipomjia: picha nayo inaweza kulimwa hivyo hivyo, mstari baada ya mstari, kwa miale ya elektroni badala ya plau, na kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuitambua. Wakati huo watu wengine walikuwa wanahangaika na visahani vyenye matundu vinavyozungushwa kwa mota. John Logie Baird alionyesha televisheni ya namna hiyo London tarehe 26 Januari 1926. Kijana wa Idaho alitaka isiwepo sehemu yoyote inayozunguka. Mwaka 1922 alimchorea mwalimu wake wa sayansi, Justin Tolman, ubaoni na kwenye karatasi. Tarehe 7 Septemba 1927, huko San Francisco, akiwa na miaka 21, alirusha picha yake ya kwanza kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ilikuwa ni mstari tu. Mstari mmoja.

Kisha ikaja kesi. Kampuni kubwa ya RCA, yenye mtaalamu wake Vladimir Zworykin, ilidai kwamba uvumbuzi ule ni wake. Kijana wa viazi na kampuni ya matajiri, nani atashinda? Ungedhani unajua jibu. Lakini mwalimu Tolman aliitwa, akatoa ile karatasi aliyochorewa na mwanafunzi wake miaka ile. Alikuwa ameitunza. Ofisi ya hataza ikamwamulia Farnsworth, na mwaka 1939 RCA ikakubali kumlipa dola 1,000,000 kwa kutumia uvumbuzi wake. Hata hivyo vita vikaja, muda wa hataza ukaisha, utajiri wa televisheni ukaenda kwa wengine. Alifariki mwaka 1971. Mwaka 2003 ndipo wenye Emmy wakaanzisha tuzo ya uhandisi yenye jina lake, miaka 32 baada ya yeye kuzikwa, na tena hiyo hupewa makampuni.

Nimesoma habari ya karatasi ile mara nyingi. Mwalimu wa sekondari, asiyejua kama mchoro ule utakuja kuwa na maana yoyote, ameuweka mahali pasipo maji wala panya. Nitarudi kwenye jambo hili.

Mashine ya video nayo ina tuzo yake. Hapa kwetu, kabla ya madishi, wakubwa wanasimulia kwamba burudani ilikuwa kanda: mtu anashuka na treni kutoka Tabora na begi la kanda za Kihindi na za karate, jenereta linafungwa nyuma ya nyumba, watu wanalipa kiingilio. Mzizi wa kanda zile ni watu 6 wa kampuni ya Ampex, wakiongozwa na Charles Ginsburg, ambao tarehe 14 Aprili 1956 walionyesha mjini Chicago mashine ya kwanza ya kurekodi picha za televisheni iliyofaa kwa biashara. Utepe wake ulikuwa mpana kama vidole vitatu na mashine yenyewe iliuzwa kwa maelfu ya dola. Safari hii tuzo haikuchelewa: Ampex ilipata Emmy mwaka 1957. Mmoja wa wale 6 alikuwa kijana Ray Dolby, wa miaka 23, ambaye jina lake limeandikwa kwenye maredio ya kaseti karibu yote yaliyopita mikononi mwa baba mdogo. Alidhani siku zote kwamba Dolby ni jina la kiwanda.

Sasa turudi nyumbani, maana msomaji anaweza kuniuliza: hao wa kwetu wako wapi?

Wa kwetu wako Zanzibar. Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha kituo cha televisheni, na kilikuwa cha rangi tangu mwanzo. Soma tena mwaka huo, ndugu yangu. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, haikuwa na televisheni kabisa mpaka Januari 1976, kwa sababu watawala wake waliogopa kile ambacho picha zingewaambia watu. Kisiwa cha karafuu kikawatangulia. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Aprili 1972 kabla ya kuuona mwanga wa kituo hicho, na kazi ikakamilika chini ya Alhaji Aboud Jumbe.

Mfumo wa rangi tuliotumia ni ule uitwao PAL, uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1963. Mfumo wa Wamarekani uliotangulia ulikuwa na ugonjwa wa rangi kuhama njiani, mtu anaondoka studio akiwa na uso wa kibinadamu anafika kwako akiwa kijani kama kinyonga. Dawa ya Bruch ilikuwa ya akili sana: alipindua ishara ya rangi katika kila mstari wa pili, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na kosa la mstari unaofuata. Matuta yale yale ya Farnsworth, sasa moja linaelekea huku na jingine kule. Zanzibar ilianza moja kwa moja na mfumo huo, miaka 6 tu baada ya Ujerumani Magharibi yenyewe kuanza kutangaza kwa rangi Agosti 1967.

Sasa fikiria kazi iliyokuwapo pale. Mtambo unafika kwa meli kwenye kisiwa chenye joto, unyevunyevu na chumvi inayokula kila chuma. Kuna mtu alifungua yale makasha. Kuna mtu alipanda mlingoti. Kuna kijana wa Kizanzibari ambaye pengine hakuwa amewahi kuiona televisheni mwaka mmoja kabla, akafundishwa, akakaa kwenye meza ya kuchanganyia picha, akasubiri dakika ifike. Marais wanatajwa katika kila maandishi niliyoyasoma juu ya kituo hiki, na ni haki yao kutajwa. Mafundi wanaitwa "wataalamu". Neno moja, wingi, basi. Wangekuwa Hollywood mwaka 1949 wangekaa meza moja na Charles Mesak.

Huku bara tuliwatazama kwa wivu. Mwalimu Nyerere hakuitaka televisheni. Aliona ni anasa ya watu wa mjini katika nchi ambayo vijijini hakuna maji, na mimi niliyezaliwa Mpanda siwezi kusema alikosea kabisa, maana hata ilipokuja ilichukua miaka kutufikia. Wenye mali Dar es Salaam waliinua antena ndefu wakainyakua picha ya Zanzibar ikivuka bahari. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 zikaanza ITV, CTN na DTV. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Tanzania bara ilivuka karne ya 20 mlangoni kabisa.

Na Mpanda? Mpanda iko mbali. Reli yetu ni tawi la kilometa 210 kutoka Kaliua, lililojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya mgodi wa risasi, siyo kwa sababu yetu. (Risasi ile ile, kwa jina angalau, ambayo baba mdogo huiyeyusha kwenye bodi za redio.) Mkoa wa Katavi wenyewe umezaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Picha ilitufikia kwa kupitia mbinguni, kwa dishi, na hilo linanileta kwa mtu mmoja ambaye mimi ninayetaka kuwa mwandishi namwonea fahari kuliko wote.

Arthur C. Clarke alikuwa mtunzi wa hadithi. Mwaka 1945, akiwa bado katika jeshi la anga la Uingereza, aliandika makala katika gazeti la mambo ya redio akieleza kwamba chombo kikirushwa juu ya ikweta umbali wa kilometa 36,000 hivi, kitazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo mtu aliye chini atakiona kimesimama pale pale, kama mlingoti usio na waya. Hakuomba hataza. Baadaye alitania mwenyewe kwamba alipoteza utajiri mkubwa ajabu. Mwaka 1964 setilaiti ya Syncom 3 ilisimama juu kama alivyosema, ikapitisha picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Clarke alipewa Tuzo ya Marconi mwaka 1982. Mtunzi wa hadithi! Nikiwa nimekwama kwenye sura ya 7 ya riwaya yangu huwa namfikiria huyu.

Wenzetu wa Ulaya kaskazini madishi yao yanatazama karibu na upeo wa macho, kwa sababu ikweta iko mbali nao. Sisi tuko karibu nayo, dishi linaelekea juu kama karai la kukinga mvua, na kweli linakinga: mvua, vumbi, majani ya mwembe, mara nyingine yai la njiwa. Anayefunga anapanda juu ya bati lenye moto wa saa 8 mchana. Chini, dirishani, anasimama mtoto wa nyumba anayetazama kioo na kupiga kelele. Miaka yangu ya utoto mtoto huyo nilikuwa mimi. "Imekuja! Imepotea! Rudisha! Kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Nyuzi moja tu ya kosa na unapata chenga. Baba mdogo alikuwa hana kipimo chochote wakati huo. Aliitafuta setilaiti iliyo umbali wa kilometa 36,000 kwa sikio lililosikiliza kelele za mtoto.

Kisha ikaja dijitali. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa mitambo ya zamani, lakini Tanzania haikusubiri. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 ilizima analojia Dar es Salaam, ikawatangulia majirani zake wote wa Afrika Mashariki, na miji mingine ikafuata kwa zamu mwaka 2013. Ndani ya kila kingamuzi mna ufundi unaoitwa MPEG, wa kubana picha ili njia iliyokuwa inapitisha kituo kimoja ipitishe vingi. Fikiria mtu anayekunja nguo kumi ziingie kwenye begi la nguo moja, na kubwa zaidi, anakunja tu zile zilizobadilika tangu jana. Ufundi huo umepata Emmy ya uhandisi katika miaka ya 1990. Lakini waliopanda juu ya paa za Dodoma, Mwanza, Mbeya na Mpanda kubadilisha vifaa, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, mpaka nchi nzima ikahama, hao hawamo kwenye orodha yoyote.

Nisiseme kwamba kwetu hakuna tuzo. Zipo. Tangu mwaka 2009 kuna EJAT, tuzo za umahiri za waandishi wa habari chini ya Baraza la Habari Tanzania, na nimewasikia waandishi wa vituo vya televisheni wakizipokea kwa fahari. Tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambako hata fundi asiye na cheti anaweza kuleta alichobuni. Ni jambo zuri sana. Nilimshauri baba mdogo aende. Akaniuliza, "Nipeleke nini?" Nami nikakosa jibu, maana hakubuni kitu. Alichofanya ni kuhakikisha vitu vya wengine vinafanya kazi mahali ambapo waliovibuni hawakupafikiria: penye umeme wa kukatika, penye vumbi, penye nyani wanaotafuna waya. Tuzo gani inapima hilo? Hata Emmy hawanayo. Wao wanamtafuta wa kwanza. Baba mdogo ni wa mwisho, yule anayesimama pale njia inapoishia, na nadhani bila yeye wa kwanza angekuwa na mstari mmoja tu unaowaka katika chumba cha San Francisco.

Wakati mwingine nafikiri faida kubwa ya tuzo wala si sanamu. Ni kwamba jina huandikwa. Charles Mesak namjua mimi, kijana wa Mpanda, kwa sababu jioni moja ya mwaka 1949 mtu aliliandika jina lake kwenye karatasi. Phasefader yake simjui mtu anayeitumia.

Basi nikamwambia baba mdogo tuandike sisi wenyewe. Alinyamaza, kisha akaingia chumbani akatoka na kaunta buku lenye jalada jekundu lililopauka. Sikujua kama lipo. Tangu mwaka 2003 alikuwa anaandika kila dishi alilofunga: tarehe, mwenye nyumba, mtaa, ukubwa wa dishi, na alama ya kulengea. Kwa kuwa hakuwa na dira, alama zake ni hizi: "kushoto kwa mwembe wa pili", "juu ya mnara wa msikiti, shibiri 3", "linyooke na kichuguu". Pembeni ameandika majina ya vijana waliomshikia ngazi. Kuna wawili ambao sasa ni mafundi wakubwa Sumbawanga na Kigoma. Kuna mmoja aliyeanguka kutoka paani Kawajense na hakupona. Jina lake limeandikwa kwa kalamu tofauti. Ukurasa wa kwanza kabisa limo jina la mzee aliyemfundisha, mfanyakazi wa reli aliyejifunza umeme kwenye mitambo ya simu za stesheni.

Tatizo ni mchwa. Kabati lilikuwa limeegemea ukuta wa udongo, na mchwa wa Mpanda hawachagui kitabu. Karatasi ya mwalimu Tolman ilipona. Hii imeliwa karibu nusu.

Tunakaa jioni, saa 11 hivi, akishafunga banda lake. Mimi nanakili kwenye daftari jipya, yeye anasoma huku ameliweka kaunta buku mbali na macho, kwa kuwa miaka ya kuinamia bodi imemharibia macho na miwani hataki. Anapenda kunisahihisha. "Siyo Julai, Juni. Julai nilikuwa Karema." Nikimwambia nitaweka haya kwenye gazeti la vijana wenzangu anasema sawa, ila majina ya wenye nyumba niyaache, wengine hawajamalizia malipo na wataona haya.

Tumefika ukurasa wa 41. Kuanzia hapo mchwa wameacha pembe za karatasi tu, na yeye anaendelea kwa kichwa: nyumba ya mama muuza migebuka, dishi la futi 6, mwaka 2006, au 2007, subiri kwanza, mwaka ule ambao mvua zilizidi na treni ikakaa Kaliua, na aliyeshika ngazi alikuwa yule mrefu, yule mwenye kigugumizi, jina lake linakuja.